Nyuki Wasio na Mzinga

Hotuba iliyotolewa Morogoro katika Siku ya Nyuki Duniani, mbele ya walimu, wafugaji na vikundi vya mazingira

Wazee wangu, shikamoni. Walimu wenzangu, vijana, na ninyi wafugaji mlioiacha mizinga yenu alfajiri ili mfike hapa, habari za asubuhi. Nashukuru kwa kupewa nafasi hii.

Siku ya leo, 20 Mei, ilitangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2017, ikaanza kuadhimishwa mwaka uliofuata. Tarehe yenyewe inamkumbuka Anton Janša, mfugaji wa Slovenia wa karne ya 18 aliyefundisha ufugaji nyuki huko Vienna. Ni siku iliyozaliwa mzingani, kwa hiyo si ajabu kwamba kila mwaka tunaijaza asali. Na sisi tuna haki ya kujivuna. Tanzania hutajwa ya pili Afrika nyuma ya Ethiopia kwa asali, na ziko familia za Tabora, Singida, Katavi na Kigoma zilizosomesha watoto kwa asali na nta ya miombo. Wafugaji wamekwisha kusema hayo, tena wameyasema vizuri kuliko nitakavyoweza mimi.

Nimeomba niwasemee nyuki wengine: wale wasio na mzinga, wasio na malkia, wasio na asali ya kurina. Hakuna anayewatengenezea sherehe, na wao ndio walio wengi.

Wataalamu wamekwisha kuorodhesha aina zaidi ya 20,000 za nyuki duniani. Ukihesabu nyuki wa asali wa mizingani kwa mabara yote, hawafiki hata aina 15. Afrika kwa asili tunaye mmoja tu, Apis mellifera, ambaye ana koo zake: wa pwani, wa nyanda, wa milimani. Ongeza wale nyuki wadogo wasiouma wanaokaa kwenye matundu ya miti na nyufa za kuta, nao pia huishi kwa makundi. Waliobaki ni sehemu kubwa kabisa ya hesabu ile, na katika aina zao nyingi kila jike anaishi peke yake. Nitawaita nyuki wapweke.

Jike wa namna hii ni mama na mjenzi na mlinzi kwa wakati mmoja. Akishapata dume anatafuta tundu au anachimba lake. Anajenga chumba cha kwanza. Anakwenda mauani na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka apate donge la chavua lililokandwa kwa mbochi, yale maji matamu ya maua, linalotosha kumlea mtoto mmoja tangu anapoanguliwa hadi anapokuwa mdudu kamili. Juu ya donge hilo anataga yai moja. Anafunga chumba, anaanza kingine. Katika aina nyingi mama hufa kabla mwanawe hajatoka, kwa hiyo hawaonani kabisa. Donge lile la chavua ndiyo malezi yote.

Na mama huyu anachagua. Yai alilolirutubisha kwa mbegu ya dume aliyoihifadhi mwilini linakuwa jike. Asilolirutubisha linakuwa dume. Kwa wale wanaojenga ndani ya mianzi au matete, mayai ya kike huwekwa ndani kabisa, na ya kiume karibu na mlango. Madume hutoka kwanza na kuanza kuzunguka nje wakisubiri. Kila nikilifikiria jambo hili nasimama. Mdudu asiyefika urefu wa ukucha wangu anapanga nani atoke lini.

Sasa angalieni hesabu, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu unapouma. Malkia wa mzinga hutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku msimu ukiwa mzuri. Jike mpweke, kwa maisha yake yote ya majuma machache, mayai yake hayazidi yale anayotaga malkia kwa saa moja. Mzinga ukipoteza nyuki 200 kwa dawa ya shambani, mzinga unaendelea. Jike mpweke mmoja akifa na tundu lake likiwa nusu, hakuna wa kummalizia vyumba vilivyobaki. Hana akiba ya watu.

Haya yote nayajua kwa kusoma, lakini nimeyaamini kwa kuona, na sikuona peke yangu. Nina jirani, mzee wangu, fundi seremala wa miaka mingi. Ameketi pale safu ya tatu. Mtaani wote tunamwita Fundi, na yeye ananiita Mwalimu. Tulianza kwa sababu ya kenchi za banda langu la kuni. Duduvule walikuwa wametoboa. Mnawajua: yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kwa sauti nzito, ambaye wengi wetu tumekua tukiamini kwamba ana sumu ya kumlaza mtu kitandani. Fundi alikuja kubadilisha kenchi moja iliyozeeka. Alipoishusha hakuitupa. Akaiweka chini akaipasua taratibu kwa patasi, akifuata nyuzi za mti, akaniita.

Ndani kulikuwa na ujia mmoja, laini, wenye upana uleule mwanzo hadi mwisho. Fundi aliupitisha kidole akasema hata keekee yake haitoboi hivyo. Ujia ule uligawanywa vyumba kwa kuta za unga wa mbao uliotafunwa na kushindiliwa. Katika chumba kimoja kulikuwa na donge la manjano na yai juu yake, refu, lililopinda kidogo. Mayai ya duduvule ni miongoni mwa makubwa kabisa kwa wadudu wote. Chumba kingine kilikuwa na buu mnene aliyekwisha kula nusu ya donge lake. Na mbao hawakuwa wameila. Fundi aliniambia kwamba katika ufundi wake wote alikuwa akisikia wenzake wakisema duduvule anakula mbao, na siku ile aliona mwenyewe kwamba anaitoboa tu na kuutupa unga nje. Anachokula ni chavua na mbochi.

Tangu hapo tumekuwa tukitazama pamoja, uani kwangu, asubuhi kabla ya jua kali, na jioni. Na katika yote nitakayowaambia leo, hili ndilo ninalotaka mlichukue: nyuki mpweke anatazamwa na watu wawili.

Nieleze kwa nini. Nyuki wa mzinga ukimkosa mauani utamwona mlangoni, ukimkosa huyu utamwona mwenziwe. Wote wanafanya kazi moja. Nyuki mpweke ni mmoja. Maisha yake yako mahali pawili, kwenye tundu na kwenye ua, na katikati kuna anga ambalo jicho halimfuati. Ukikaa tunduni utaona anaingia na mzigo, hutajua ameutoa wapi. Ukikaa mauani utaona anakata jani, hutajua analipeleka wapi. Mkiwa wawili, habari inakamilika.

Mfano ulio hai ni nyuki mkata majani. Mmewahi kuona majani ya mawaridi yenu yamekatwa pembeni, tundu la mviringo lililo safi kama limekatwa kwa mkasi? Watu husema ni viwavi, wanakimbilia dawa. Kiwavi huacha ukingo uliochanikachanika, na huacha kinyesi. Mviringo ule safi ni kazi ya jike wa Megachile. Anakaa ukingoni mwa jani, analikata kwa taya huku akizunguka, na kabla kipande hakijaachia anaanza kupiga mabawa, ili kikiachia asianguke nacho. Ni sekunde chache tu. Vipande virefu vya umbo la yai anavitandika kuwa kuta za chumba. Vya mviringo kamili ni vifuniko.

Sisi tulikuwa na bogenvilia karibu na kisima, na kwenye ukuta wa jiko Fundi alikuwa amefunga vipande vya mianzi. Asubuhi moja mimi nilikuwa tunduni, Fundi yuko upande wa pili wa nyumba. Nikamsikia anaita, "Mwalimu, anakata nyekundu! Anaondoka!" Sikujibu, nilikuwa nimeziba pumzi. Punde akaingia mbele ya macho yangu, amekumbatia kipande cha bogenvilia kilichokunjwa chini ya tumbo, akaingia nacho kwenye mwanzi wa tatu. Ndipo tulipojua kwamba yule wa bogenvilia na yule wa mianzi ni mmoja. Kutoka hapo tulianza kutumia saa. Safari ya jani ni fupi. Safari ya chavua ni ndefu zaidi. Tundu likikaa muda mrefu bila mtu, tunajua sasa anatafuta chakula, na anaporudi tumbo lake chini limejaa unga wa manjano. Maana Megachile habebi chavua miguuni kama nyuki wa asali. Anaibeba kwenye nywele za tumbo, kavu, na kila ua analotua anamwaga kiasi. Nyuki wa asali anailowesha kwa mbochi na kuifungasha vizuri miguuni, ikimfaa yeye kuliko inavyolifaa ua. Ndiyo maana nyuki mmoja mpweke, ua kwa ua, anaweza kuwa mchavushaji bora kuliko mwenziwe wa mzingani.

Utazamaji huu wa wawili si uvumbuzi wetu. Kusini mwa Ufaransa, karne ya 19, Jean-Henri Fabre, mwalimu wa shule aliyewasoma wadudu maisha yake yote, aliwatia alama nyuki wajenzi wa udongo, akawabeba ndani ya mifuko ya karatasi kwenda kuwaachia kilomita kadhaa kutoka kwake, ili ajue kama wangeikumbuka njia. Yeye alikuwa huko mbali. Aliyekaa nyumbani kwenye viota, akingoja, ni binti yake. Baba aliporudi, binti ndiye aliyekuwa na habari kwamba baadhi yao wamekwisha kufika, tena wakiwa na chavua. Bila mtoto yule mlangoni, Fabre angeweza kusema tu kwamba amewaachia nyuki.

Niwape na wa jioni. Kando ya jiko tuna mirehani, na mirehani ikichanua anakuja nyuki mmoja mwenye haraka nyingi, Amegilla, tumbo lake lina pete zinazong'aa, kwa wengine za buluu. Mchana hatulii, anaelea mbele ya ua, anachoma ulimi, ameondoka. Lakini jua likizama, madume ya Amegilla hayana nyumba ya kurudi. Hutafuta bua la nyasi au kijiti kikavu, hulikamata kwa taya, hukunja miguu, na kulala hivyohivyo wakining'inia kwa meno usiku kucha. Mara nyingi hulala kadhaa kwenye kijiti kimoja na kurudi palepale jioni inayofuata. Hiki ndicho kipindi kizuri cha kumwonyesha mtoto. Wajukuu wangu wamewahesabu kwa tochi kwa ukaribu ambao mchana hauwezekani, bila yeyote kuumwa.

Mara nyingine kwenye kijiti kilekile tunamkuta mgeni: mweusi, mwenye madoadoa ya buluu nyangavu, mzuri mno. Huyo ni Thyreus. Naye ni nyuki, lakini hakusanyi chavua kabisa. Jike lake hulivizia tundu la Amegilla, huingia mwenye tundu akiwa hayupo, na kutaga ndani. Mtoto wa mgeni ndiye anayekula donge. Vijana wakisikia haya huniuliza kama tumuue. Nasema hapana. Thyreus hawezi kuwepo pasipo na Amegilla wengi, na kumwona uani kwako ni dalili kwamba ua wako una uhai wa kutosha kumlisha hata yeye.

Nimesema kuumwa; niliseme wazi, maana najua kina mama mnalifikiria. Nyuki huuma kulinda nyumba yenye akiba na watoto wengi. Mpweke hana askari, na akifa yeye kazi imeisha, kwa hiyo hukimbia kuliko kupigana. Dume hana mwiba kabisa. Yule duduvule anayekusimamia mbele ya uso hewani na kukutisha mara nyingi ni dume. Kwa aina iliyo ya kawaida kwetu, Xylocopa caffra, utamtambua: jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya manjano au myeupe mgongoni, dume ni manjano mwili mzima. Jike anaweza kuuma, lakini mpaka umbane mkononi. Hata hivyo msichukue maneno haya mkayapeleka kwenye kundi la nyuki wa asali. Hao ni habari nyingine, na wafugaji hapa wana mavazi yao kwa sababu. Na mwenye mwili unaovimba vibaya kwa mwiba wowote wa mdudu, atazame kwa mbali.

Sasa chakula, maana mkulima atauliza haya yote yanamsaidia nini, na ana haki ya kuuliza.

Chukua ua la bilinganya. Chavua yake imefungwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Haimwagiki kwa kuguswa. Nyuki wa asali anatua, anahangaika, anaondoka na kidogo. Duduvule anatua, analikumbatia ua, anakunja mabawa, kisha anatikisa misuli ya kifua chake kwa nguvu. Sauti inapanda ghafla. Ukikaa karibu utaisikia tofauti na ya kuruka. Chavua inamwagika tumboni mwake. Amegilla naye anaweza, na baadhi ya nyuki wadogo wa ardhini wanaweza. Nyanya huchavushika kwa upepo, lakini ikitikiswa hivi inazaa vizuri zaidi. Walimu wa sayansi, jaribuni darasani: ile uma ya chuma ya maabara ya fizikia inayolia ikigongwa, igongeni kisha muiguse kwenye ua la bilinganya, huku mmeshika karatasi nyeusi chini yake. Wanafunzi wataiona chavua ikishuka.

Kule Nguruman, kusini mwa Kenya, si mbali na mpaka wetu, watafiti waliwafuatilia wachavushaji wa bilinganya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Wafanyakazi wakuu walikuwa wawili: huyu Xylocopa caffra na nyuki mmoja wa porini aitwaye Macronomia rufipes. Hakuna aliyewafuga. Walitoka kwenye vichaka vilivyo kando ya mashamba, wakaja, wakafanya kazi, wakarudi. Mkulima anayefyeka kichaka cha mwisho ili aongeze mistari miwili ya bilinganya anafukuza wale wanaoizalisha.

Pasheni ya manjano, ile ya pwani na maeneo ya joto, haijichavushi. Inataka chavua ya mmea mwingine, na ua lake ni kubwa. Nyuki wa asali anapita chini na kuiba mbochi bila kugusa panapohitajika. Duduvule kwa ukubwa wake anajipaka mgongoni. Huko Brazil, mahali ambapo duduvule wamepungua, wakulima hulipa watu wapite wakichavusha pasheni kwa mikono, ua moja moja. Mbaazi yaweza kujizalisha yenyewe kwa kiasi, lakini simameni kwenye mbaazi iliyochanua saa nne asubuhi mtazame ni nani wanaoyafungua maua yale: duduvule na mkata majani. Dino Martins, Mkenya aliyepewa Tuzo ya Whitley mwaka 2009 kwa kazi yake ya wadudu wachavushaji, amekaa na wakulima wa Afrika Mashariki akiwaonyesha mambo ya namna hii mashambani mwao. Tungekuwa na watu kama yeye katika kila mkoa, ningefurahi sana.

Na sasa ardhi. Hili nataka nilikazie kuliko yote.

Takriban asilimia 70 ya nyuki wapweke hawakai kwenye mti wala mwanzi. Wanachimba chini. Wanataka udongo mkavu, ulioshikamana, usio na nyasi nyingi, unaopata jua. Fikirini nyumba zetu tulizokulia. Uani palifagiliwa kila asubuhi mpaka udongo ukawa mgumu na mweupe. Bibi zetu, bila mtu kuwafundisha, walikuwa wakiwatunzia nyuki hawa makazi mazuri mno. Vishimo vidogo vyenye kifusi cha udongo laini pembeni, mlivyodhani ni vya sisimizi, vingine vilikuwa vyao. Ufagio ulivifunika, nyuki mwenyewe akavifungua tena kabla ya saa tatu. Kuta za udongo nazo zilikuwa na matundu ya Amegilla upande wa jua.

Leo tunamwaga zege, tunapanga tofali za pevingi kutoka geti hadi ukuta wa nyuma. Nyumba inapendeza, gari haliingii tope. Lakini nyuki aliye chini ya saruji hatoki, na wa nje hawezi kuchimba. Ufagio wa maisha yote ya bibi haukuweza kufanya yanayofanywa na mchanganyiko wa saruji kwa siku moja. Sisemi msijenge. Nasema acheni ukanda. Kwangu tuliacha upande wa ua wa mashariki, hatua chache tu upana, Fundi akaweka mstari wa mawe. Ndani ya mawe hapamwagwi maji ya kufulia, hapawashwi moto wa taka, na ufagio unapita kwa wepesi. Hata wajukuu wanajua, na mgeni akielekea pale ndio wanaomwambia azunguke.

Kwa mianzi, Fundi atawaonyesha mwenyewe baadaye, lakini nitaje yale ambayo watu huyaacha. Kateni karibu na fundo ili nyuma pawe pamezibwa. Mwanzi ulio wazi pande zote mbili hautakiwi. Urefu uwe shubiri moja hivi, na matundu ya upana tofauti, kuanzia mrija wa soda hadi kidole kidogo. Mdomo wa mwanzi upigwe msasa, maana kibanzi kimoja kinapasua bawa. Fungeni imara chini ya upenu, pasipofika mvua, pakitazama jua la asubuhi. Kiota kinachoyumba kwa upepo hakipendwi. Kama mnatundika kwa waya, pakeni grisi kuzuia sisimizi, kama wafugaji wanavyofanya kwenye mizinga. Na msijenge majumba makubwa ya matundu mamia kwa ajili ya kupigwa picha. Wingi wa viota mahali pamoja unaita utitiri na wavamizi, ugonjwa unaenea. Vifurushi vidogo, vilivyotawanyika, na mwanzi uliokwisha kutumika na kutoka watoto uondolewe, uwekwe mpya.

Kwa duduvule na kenchi: wanapenda mti mkavu, mlaini, usio na rangi. Mbao ya nyumba ikipakwa rangi au vanishi huiacha. Kisha mpeni gogo lake, tawi nene la mwembe lililokauka, lililofungwa kwenye uzio. Sisi tulifanya hivyo, na banda la kuni limepona.

Dawa za shambani nitazisema kwa ufupi kwa sababu mabwana shamba wapo: kama lazima kupuliza, msipulize maua yaliyo wazi, na iwe jioni, nyuki wakiwa wamelala.

Kwa vijana wenye simu. Pigeni picha, ziwekeni kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu husaidiana kutambua viumbe kwa picha, na msivunjike moyo mtu akishindwa kuwatajia aina. Nyuki wengi wa kwetu hawatambuliki kwa picha peke yake. Andikeni tarehe, saa, mmea, na alichokuwa akikifanya. Kabla ya hapo hakikisheni ni nyuki. Nzi wengi wanajifanya nyuki kwa rangi. Nzi ana mabawa mawili na vipapasio vifupi mno. Nyuki ana mabawa manne, vipapasio virefu, na nywele zinazoonekana. Nyigu ana kiuno chembamba na mwili mtupu unaong'aa. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kujifunza haya kwa asubuhi moja.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Naomba jambo moja kwa walimu: msiwapeleke watoto darasa zima kwenye tundu moja. Wagaweni wawili wawili, mmoja tunduni na mmoja mauani, kisha wabadilishane. Nyuma ya jengo hili, karibu na jiko, kuna mjohoro umechanua, na asubuhi nilipopita duduvule walikuwepo wakitikisa maua. Mtawasikia kabla ya kuwaona. Fundi ameleta mianzi iliyokatwa, misasa na waya, viko kwenye meza ya mlangoni. Atakuwepo baada ya chai, na maswali ya mbao mumwulize yeye. Ya nyuki nitayajibu mimi, hapohapo chini ya mjohoro.

Asanteni sana.